Kisanduku cha Mkojo Kisibaki Tupu

Leo tunaongea kuhusu mkojo. Najua wengine mshakunja uso. Kunjeni tu, lakini msiende.

Kuna kitabu ambacho kila mama mjamzito hupewa akianza kliniki hapa Kenya. Jina lake rasmi ni kijitabu cha afya ya mama na mtoto, lakini mtaani tunakiita tu kitabu cha kliniki. Ndani kuna jedwali. Kila ukienda, nesi anajaza: tarehe, mkojo, uzito, presha, damu, mapigo ya moyo wa mtoto, siku ya kurudi. Sasa chukua kitabu cha dada yako, cha jirani, au kile mathe wako amekihifadhi kwa sanduku na vyeti vya kuzaliwa. Angalia sehemu ya mkojo. Mimi nimeangalia vya watu kadhaa wa kwetu. Uzito upo, presha ipo, lakini kwa mkojo unakuta kistari, ama hakuna kitu kabisa.

Maoni yangu ni haya: hicho kisanduku kidogo ndicho ulinzi wa bei rahisi zaidi ambao figo za msichana mjamzito zinaweza kupata, na tunakiacha tupu kama fomu ya mchango wa harusi ya mtu hatumjui.

Mbona kijana wa miaka 22 anaongea mambo ya mimba? Kwanza, mimba haiji kwa upepo, kuna kijana mahali. Pili, nina dada. Shemeji hufanya kazi mbali, kwa hivyo wakati wa mimba yake mimi ndiye nilikuwa nampeleka kliniki. Sina digrii ya udaktari. Sina digrii yoyote, chuo niliacha kabla ya kumaliza. Lakini nilikaa kwa benchi za hosi miezi minane nikiuliza maswali, na masista wakachoka na mimi wakaanza kunijibu.

Dada yangu alipokuwa na miaka 9 aliamka siku moja uso umevimba, macho yamefunga. Watu walisema ni nyuki. Halafu miguu nayo ikavimba. Ilikuwa figo. Chujio zake zilikuwa zinavuja protini, yaani protini ambayo inafaa kubaki kwa damu ilikuwa inatoka na mkojo, na mkojo wenyewe unatoa povu kama wa sabuni. Akatibiwa, akapona, maisha yakaendelea. Akiwa mkubwa presha ikaanza kupanda kidogo, protini ikaonekana tena kidogo, akawekwa kwa enalapril. Kidonge kimoja kwa siku. Nyumbani hakuna mtu alikuwa analiona hilo kama ugonjwa.

Halafu akapata mimba.

Hapa ndipo kila mtu alikuwa na neno. Shosho akasema kila mjamzito huvimba miguu, hata yeye alivimba kwa watoto wake wote. Mathe akaingiwa na hofu akanyamaza. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya chini, ile ya kusikika, ati mtu wa figo hafai kuzaa. Dada alikuwa ameshika kikombe cha chai, hakusema kitu. Na katika hayo maneno yote, hakuna aliyesema jambo moja la kumsaidia kesho yake asubuhi.

Wacha niwaambie vitu ambavyo ningependa mtu angetuambia siku hiyo.

Kwanza, figo za mjamzito hupiga ovataimu. Damu mwilini inaongezeka, na figo zinachuja karibu mara moja na nusu ya kazi ya kawaida. Figo nzima inaweza huo mzigo. Figo ambayo tayari ina shida inaweza kulemewa. Ndiyo maana watu wengine hugundua wana ugonjwa wa figo wakiwa na mimba. Ugonjwa ulikuwa umekaa kimya, mzigo ukaja ukauamsha.

Kwa sababu figo zinachuja sana, kreatinini hushuka. Kreatinini ni ile taka ya misuli ambayo hupimwa kwa damu kuona figo zinafanyaje. Sasa sikiza hii vizuri. Karatasi nyingi za maabara zimeandikwa kiwango cha kawaida cha mtu asiye na mimba. Mjamzito anaweza kupata 85, karatasi ikasema yuko sawa, kumbe kwa mjamzito hiyo iko juu. Kwa vipimo vya maikromoli kwa lita, ikipita 77 hivi daktari anafaa kuuliza maswali. Kwa hivyo usifurahie neno "kawaida" kwa karatasi kabla ya kuuliza: kawaida ya nani?

Pili, kipimo cha mapema ni ushahidi. Kuna ule ugonjwa wa presha ya mimba ambao ukizidi unakuwa kifafa cha mimba. Huja baada ya wiki ya 20, na mara nyingi dalili zake ni presha kupanda na protini kwa mkojo. Ugonjwa wa figo pia huleta presha na protini. Kwa macho vinafanana kama mapacha, lakini matibabu na haraka yake ni tofauti. Daktari akikuona mara ya kwanza wiki ya 30 ukiwa na protini nyingi, atajuaje ilianza lini? Lakini kama ulipimwa wiki ya 8 na protini ilikuwepo, basi kuna kitu figo ilikuwa inasema hata kabla. Ni kama kuskrinshoti meseji kabla mtu hajaifuta. Baadaye mkibishana, unayo.

Takwimu za utafiti wa afya ya jamii wa Kenya wa mwaka wa 2022 zinaonyesha wajawazito karibu wote, asilimia 98, walionwa na mhudumu wa afya angalau mara moja. Lakini waliofika mara 4 au zaidi ni asilimia 66. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema ziwe 8, na ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Wasichana wengi mtaani huanza tumbo likishaonekana, kwa sababu ya aibu, ama kwa sababu bado wanamtafuta jamaa ambaye hashiki simu. Naelewa. Lakini figo haingoji jamaa ashike simu.

Tatu, kuna bakteria wanaokaa kwa mkojo bila kukuuma popote. Mimba hulegeza mirija inayotoa mkojo kwa figo, tumbo nalo linaikandamiza, mkojo unatiririka polepole, na bakteria wanapata nafasi ya kupanda juu. Kati ya wajawazito 100, wawili hadi kumi wanaweza kuwa nao bila dalili yoyote. Wakifika kwa figo unapata homa, kutetemeka, maumivu ya ubavu na kutapika, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Dawa ipo. Ni antibiotiki iliyo salama kwa mimba, na kawaida ni ya siku 7. Umalize zote 7, sio kuacha ya tatu ukisikia afadhali. Kwa mtu aliye na shida ya figo kutoka mwanzo, ni vizuri mkojo uoteshwe maabara, usiangaliwe kwa kijiti peke yake.

Na hapa Kenol tuna tatizo letu. Huu ni mji wa barabara. Magari ya Thika, Murang'a, Nyeri, Karatina na Embu yote yanapita hapa, na nusu yetu tunaishi kwa hiyo barabara: kuuza ndizi, njugu, maji, chai, kukata tiketi. Mama mjamzito anasimama kwa jua kutoka asubuhi. Hanywi maji kwa sababu akinywa atahitaji choo, na choo cha stage ni cha kulipia. Anashika mkojo mpaka jioni. Halafu tunashangaa UTI inatoka wapi. Kama una mama au dada anayeuza hapo na ana mimba, mshikie meza dakika tano aende choo. Hiyo nayo ni matibabu.

Nne, dawa. Hapa ndipo nilijifunza kuogopa.

Ile enalapril ya dada ni nzuri kwa figo ya mtu asiye na mimba. Kwa mimba, hasa ikishakua, inaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Losartan ni hivyo hivyo. Kuna jambo lilinishangaza sana. Maji anayoogelea mtoto tumboni, kuanzia katikati ya mimba, sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Figo zake zikizimwa na dawa, maji yanapungua, na mapafu yake hayakui vizuri. Kwa hivyo figo za mama si hadithi ya mama peke yake.

Lakini usisikie hivi ukaenda kutupa vidonge kwa choo. Presha isiyotibiwa nayo inaua. Kinachofanyika ni kubadilishiwa. Kuna dawa za presha ambazo zimetumika kwa wajawazito miaka mingi, kama methyldopa, nifedipine na labetalol. Dada alienda kliniki wiki ile ile alipojua ana mimba, wiki ya 6, akaondolewa enalapril akawekwa kwa methyldopa. Akapewa pia aspirini ya kipimo kidogo kuanzia wiki ya 12, kwa sababu mtu wa figo yuko kwa hatari kubwa ya kifafa cha mimba na hiyo aspirini hupunguza hatari. Ni daktari aliamua. Usijipime nyumbani.

Halafu kuna kemisti. Miezi mitano, mgongo unamuuma, tukasimama kwa duka la dawa karibu na barabara. Jamaa hata hakuuliza. "Madam, chukua hizi, utalala vizuri." Ilikuwa diclofenac. Hiyo na ibuprofen ziko kwa kundi moja, na kundi hilo ni adui wa figo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Oktoba 2020 kwamba kuanzia wiki ya 20 ya mimba zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza yale maji. Kwa mama mwenye shida ya figo, ni hatari hata kabla ya hapo. Dada akamrudishia pakiti akasema, "Niko na mimba, na niko na figo." Jamaa akamwangalia kama mtu amemtukana. Akatoa parasetamoli.

Hilo sentensi likaririni: niko na mimba, na niko na figo. Liseme kwa kemisti, kwa maabara, kwa daktari mgeni, kwa yule mama wa dawa za miti shamba. Hasa kwake, kwa sababu chupa yake haina orodha ya kilicho ndani. Na yale mawe ya kula tunayouziwa sokoni, ya wajawazito wenye hamu, wacheni. Yanazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na mengine yana risasi.

Sasa turudi kwa kisanduku. Kituo cha kwanza tulichoenda, ambacho sitakitaja, walipima uzito na presha. Mkojo wakasema vijiti vimeisha, mrudi mwezi ujao. Dada alikuwa amewaeleza historia yake yote. Mwezi ujao! Nilikasirika, lakini hasira haipimi mkojo. Tukauliza ni wapi wanapima leo, tukapanda boda, tukapata. Wiki ya 8: protini mbili za kujumlisha, kreatinini ikaandikwa, presha ikaandikwa. Nesi akaandika kwa wino mwekundu juu ya kitabu kwamba huyu ni mama wa hatari, asionwe kwa foleni ya kawaida. Kutoka hapo akawa anaonwa na daktari wa uzazi, na wa figo Nairobi, kwa sababu wengi wa hao wako huko.

Wiki ya 31 presha ikaruka. Tulifika usiku, daktari wa zamu hamjui, na neno la kwanza alisema ni kwamba huenda ikabidi mtoto atolewe usiku huo. Kisha akafungua kitabu. Akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akasoma safu ya mkojo kutoka wiki ya 8 mpaka wiki ya 29. Protini ilikuwa ile ile tangu mwanzo. Akapima damu, ini liko sawa, chembe za kugandisha damu ziko sawa, kreatinini haijasonga. Wakamlaza, wakaongeza dawa ya presha, wakamfuatilia mtoto. Hakutolewa. Alikaa tumboni wiki tano zaidi.

Wiki tano, wasee. Mtoto wa wiki 31 ni wa kuwekwa kwa mashine akisaidiwa kupumua. Wa wiki 36 alitoka akilia, mdogo lakini mkali, na leo anavuta nywele za shosho. Zile wiki tano zilitoka kwa kisanduku ambacho mtu aliona si lazima kijazwe.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila hadithi inaisha hivi. Kadiri figo zilivyokuwa zimeharibika kabla ya mimba, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa: mtoto kuzaliwa mapema, na mama kupoteza nguvu ya figo ambayo hairudi. Kuna wanawake ambao daktari atawaambia wasubiri, na wengine atawaambia hatari ni kubwa mno. Lakini hilo ni la daktari aliye na majibu yao mkononi, na la mwanamke mwenyewe. Si la shangazi.

Kwa sababu pia yapo yale makubwa yamefanyika. Mwaka wa 1958, Edith Helm wa Marekani alijifungua baada ya kupandikizwa figo ya pacha wake. Siku hizi aliyepandikizwa huambiwa angoje angalau mwaka mmoja na abadilishiwe baadhi ya dawa kabla ya kushika mimba. Na walio kwa mashine ya kusafisha damu? Madaktari wa Toronto walionyesha 2014 kwamba wakisafishwa zaidi ya saa 36 kwa wiki, watoto wengi huzaliwa hai. Hapa kwetu wengi husafishwa mara 2 kwa wiki, saa 4 kila mara. Fanya hiyo hesabu mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ya nafasi ya kupata mtoto, na inaamuliwa na mashine na pesa, haiamuliwi na laana ya ukoo.

Kwa hivyo kama una shida ya figo, ama presha, ama kisukari, ama uliwahi kuvimba ukiwa mtoto, mazungumzo yaanze kabla ya mimba. Na kabla hujawa tayari, tumia kinga. Uliza ni njia gani ya uzazi wa mpango inakufaa, kwa sababu vidonge vyenye estrojeni vinaweza kupandisha presha, lakini kipandikizi cha mkono au koili huwa sawa kwa wengi. Hakuna aibu kuuliza.

Ukishapata mimba, ujue dalili za kukufanya utoke nyumbani hata kama ni saa nane usiku: kichwa kisichoachilia, kuona nyotanyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, mkojo kupungua au kuwa na damu, homa na maumivu ya ubavu, mtoto kupunguza kucheza. Presha ya 140 kwa 90 si ya kulala nayo. Ya 160 kwa 110 ni dharura. Amueni mapema mtaenda wapi, Maragua, Murang'a ama Thika, na nani ana gari. Hakikisheni SHA imesajiliwa na imelipwa. Tangu Oktoba 2024 ndiyo imechukua nafasi ya NHIF, na siku ya uchungu si siku ya kutafuta namba ya siri.

Na ukijifungua, bado. Presha ya mimba inaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka. Rudi wiki ya 6 upimwe presha na mkojo. Kama protini bado iko miezi mitatu baadaye, hiyo si mimba tena, ni figo, na inahitaji daktari wake. Dada bado anaenda.

Vijana wenzangu, nyinyi mnaosema kliniki ni ya wanawake: kazi yenu ni rahisi. Nenda naye. Beba kitabu. Akitoka ndani, fungua ukurasa wa jedwali uangalie safu ya mkojo. Kama iko tupu, rudi naye dirishani mkaulize kwa heshima, "Sista, mkojo haujapimwa, tunaweza kupima wapi leo?" Leo. Sio mwezi ujao.